Majina Yaliyo Chini ya Behewa

Najua mtauliza, mstaafu gani huyu bado ananyonyesha? Ulizeni mmalize, halafu tuendelee.

Nina miaka ishirini na tisa. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakunipeleka popote, nikaingia karakana moja pale Buzuruga, Mwanza, nyuma ya stendi, nikatoka humo miaka kumi na moja baadaye. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza treni ndogo za mfano: kichwa, mabehewa, reli, na nchi nzima inayopitiwa na reli hiyo, mawe yake, nyasi zake, hadi nguo zilizoanikwa uani. Sikuagwa kwa keki. Hakuna aliyenivisha kitenge mbele ya watu. Nilistaafishwa na tumbo, na bado nina hasira, na hasira hiyo mtaikuta humu, siifichi. Ila siandiki kwa ajili ya hasira. Kuna kitu nilikijua peke yangu, nikakikalia kimya, na kidogo kinivunjie jina mbele ya watu waliovaa tai. Nyie mnaoanza kazi za mikono, iwe treni, iwe viatu, iwe keki za harusi, someni mpaka mwisho.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Masanja, seremala wa mabehewa, yeye alistaafu kweli, kwa barua. Huko reli alikuwa akitengeneza sakafu na milango ya mabehewa makubwa. Alipostaafu mikono yake ilikataa kukaa bure, akaanza kuyatengeneza yale yale kwa udogo. Kipimo chake kilikuwa kimoja: mita moja ya kweli ni sentimita mbili za kwetu. Reli ya zamani upana wake ni mita moja, basi ya kwetu ni sentimita mbili, na ukikosea hapo kila kitu kinachofuata ni makosa. Reli zenyewe tulizitengeneza kwa spoki za baiskeli zilizonyooshwa na kukatwa sawasawa, maana za kuagiza nje zilikuwa za matajiri.

Wateja wetu wa mwanzo walikuwa watu wa reli. Mwenzao akistaafu, wanachanga, wanamtengenezea behewa alilolifanyia kazi, na namba yake ya kweli ubavuni, ili aliweke sebuleni juu ya kabati. Behewa la kwanza nililoachiwa peke yangu lilikuwa la gadi mmoja, lile linalokaa mkiani mwa treni ya mizigo. Nililipaka rangi likang'aa. Nilipiga msasa, nikapaka tena, nikapiga msasa tena. Siku ya kumkabidhi yule mzee alilishika, akaligeuza, akalirudisha mezani.

"Hili la nani?"

"Lako mzee. Kwani namba si hiyo?"

"Namba ni yangu. Behewa si langu. Langu mlango wa kushoto haukuwahi kufunga, tangu naoa mpaka nina wajukuu. Niliufunga kwa kamba ya katani. Kamba iko wapi?"

Watu wakacheka mpaka soda zikamwagika. Mzee Masanja hakucheka. Alilibeba lile behewa akaniwekea mapajani.

"Rudi nalo. Nenda kwa huyu mzee, ukae, akusimulie. Ukimaliza kusimuliwa ndipo ushike brashi."

Nikaenda kwake, nikakaa mchana mzima nikinywa uji. Nilitoka na orodha: kamba ya katani, doa la moshi juu ya dirisha alipokuwa akichemshia chai, ngazi moja iliyopinda, na mistari ya chaki mlangoni, mmoja kwa kila safari aliyolala nje wakati mkewe anajifungua. Kutu niliitengeneza kwa misumari niliyoiloweka kwenye siki siku tatu. Yale maji mekundu ukiyapaka kwa brashi ndogo, kuanzia juu kushuka chini kama mvua inavyoshuka, hakuna atakayekubishia. Nilimpelekea yule gadi mara ya pili. Aliufungua ule mlango kwa ukucha, akaurudisha, akaufunga kwa kamba. Tangu siku hiyo sijapaka rangi kitu ambacho sijasimuliwa.

Jioni ile Mzee Masanja alinipa msumari. Alikuwa amelishika behewa jingine, magurudumu juu.

"Andika jina lako."

"Ubavuni?"

"Ubavuni ni pa mwenye behewa. Wewe andika chini, kwenye sakafu, kwa nje."

"Mzee, chini nani atasoma?"

"Treni ikitembea vizuri nani anataka kukujua? Ikianguka ndipo watauliza ni nani. Wakuone hapo, usijifiche."

Nilidhani ananitania. Nikakwaruza KABULA, herufi kubwa, na tangu hapo kila behewa nililolitengeneza lina jina langu tumboni.

Msije mkafikiri mzee huyu alikuwa malaika. Alikuwa na tabia moja mbaya, na mimi niliirithi kama mtu anavyorithi pua. Alikuwa anaficha. Nilipofika kwenye kokoto za reli ndipo nilipomjua. Kokoto tulizipata kwa kuponda mawe ya kwetu haya haya na kuyachekecha. Mimi nilichekecha kwa chujio la chai la mama. Mama alikunywa chai ya mchanga siku mbili bila kusema neno, ya tatu akanirushia chujio. Kuchekecha si kazi. Kazi ni kuzigandisha. Ukimwaga gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, inakaa juu kama tone la mvua kwenye jani la mgomba, kokoto zinaelea, reli inaonekana kama imelala kwenye ugali. Ya Mzee Masanja ilizama yote, ikakauka, huoni hata kama kuna gundi. Na kila alipoichanganya alinigeuzia mgongo.

Mwezi mzima nilikodolea mgongo ule. Mwisho nikanusa kikopo chake alipokwenda chooni. Sabuni ya kuoshea vyombo! Tone moja tu kwenye kikopo, gundi inanyweka. Aliporudi alinikuta na kikopo puani.

"Umechelewa," akasema. "Mimi kwa mwalimu wangu nilinusa siku ya tisa."

Nilijivuna sana. Ndivyo kazi ilivyokuwa, kila mtu anaiba kutoka mgongoni mwa mwenzake, na ulichokiiba hukisahau. Nyie nawapa bure: tone moja, si mawili, la pili linatoa povu. Miti tengenezeni kwa dodoki lililopakwa rangi. Mawe yetu ya Mwanza, yale makubwa yaliyobebana milimani, msijaribu kuyatengeneza kwa mawe ya kweli, yatavunja meza. Finyangeni karatasi ya foili, mmimine plasta juu yake, ikikauka mpake chai ya rangi iliyokolea kisha mfute haraka kwa kitambaa, ile nyeusi ibaki kwenye nyufa tu. Na msipulize rangi ya kopo mkiwa na mtoto mgongoni. Hilo sitoi sababu.

Kuna kosa jingine lazima niliseme, maana lilinifundisha kwamba hiki si kitu cha kuchezea. Zamani mabehewa yalikuwa yanaingizwa melini pale bandari ya Kusini, meli ina reli ndani, inavuka nayo ziwa mpaka upande wa pili. Tulitengeneza ile bandari kwa oda ya mzee mmoja aliyefanya kazi hapo, na meli yake ikielea kweli kwenye beseni. Nikaanza kuisukumia mabehewa. Nikajaza reli ya kushoto yote kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wangu. Behewa la nne lilipoingia, meli ikalala upande, ikamwaga kila kitu majini.

Mimi nilicheka. Mzee Masanja alivua kofia. Alisimama pale na kofia mkononi, akitazama beseni, mpaka kicheko changu kikafa chenyewe.

"Yatoe," akasema. "Moja moja. Yahesabu."

Nikayatoa, nikayahesabu kwa sauti.

"Hapa kwetu kila nyumba inamjua mtu aliyebaki kwenye maji haya. Unapakia ya katikati kwanza. Kisha kushoto moja, kulia moja. Hata beseni ulipe heshima yake."

Sijawahi tena kupakia upande mmoja. Hata ndoo za maji nabeba mbili.

Sasa nakuja kwenye lile lililonikalisha hapa.

Mzee Masanja macho yalipoanza kukataa kazi ndogo, aliiuza karakana kwa Bwana Deus akarudi kwao Sengerema kulima. Bwana Deus si mtu mbaya. Ni mtu wa biashara, anajua kuongea na wenye hoteli, na hajawahi maishani kushika pasi ya risasi, ile ya kuyeyushia risasi ya kuunganisha vyuma na nyaya. Akaleta kazi kubwa kuliko zote: hoteli moja ya mjini ilitaka treni ya mfano ukumbini, meza ndefu ya mita nane, bandari, milima ya mawe, nyumba zilizopanda juu ya mawe, treni izunguke yote. Ile ndiyo kazi niliyoingoja miaka yote. Nikaianza na mimba ya miezi mitatu.

Hapa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Chuma kikipata joto kinarefuka. Mbao ikikaushwa inasinyaa. Kwa hiyo reli iliyopigiliwa juu ya mbao, kiangazi, jua likiingia dirishani, inakosa pa kwenda, inainuka mgongo kama paka. Mzee Masanja aliniambia hilo kwa maneno machache tu, kwamba chuma na mbao vyote vinapumua lakini havipumui pamoja. Kiasi cha nafasi ya kuacha kati ya reli moja na inayofuata hakuniambia. Nilitafuta mwenyewe miaka mitatu. Unene wa ukucha ni mkubwa, gurudumu linashtuka. Karatasi ya daftari ni nyembamba, inajifunga wiki ya kwanza ya jua. Jibu nilikuja kulipata nikiwa mjamzito, kwenye foleni ya kliniki, nikichezea kadi yangu. Unene wa kadi ya kliniki. Ule hasa. Nikarudi karakana, nikaiweka kadi kati ya kila reli mbili kabla ya kugandisha, kiungo baada ya kiungo, hamsini na kitu, kisha nikaingia chini ya meza na tumbo langu kuunganisha vijiwaya vya kuvusha umeme kwenye kila nafasi.

Bwana Deus alinikuta siku moja. "Kabula, unafanya nini na hiyo kadi?"

"Naangalia tarehe ya kliniki, bosi."

Mnaona? Nilidanganya. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikinusa mwenyewe kikopo changu, nikageuza mgongo.

Mimba ilipofika mwezi wa saba tumbo likagoma kuingia chini ya meza. Bwana Deus akaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi mpaka leo: "Kapumzike. Ukishajifungua tutaona." Nikapumzika. Nikajifungua mtoto wa kike, Minza, Mungu ashukuriwe. Alipotimiza miezi minne nikamfunga mgongoni nikaenda karakana. Kitini pangu amekaa kijana anaitwa Elias, pembeni yake mashine inachapa nyumba za plastiki, moja baada ya nyingine, inanung'unika kama jokofu.

"Mama Minza," Bwana Deus akaniambia, "hapa tumeshasonga mbele. Na kusema ukweli, karakana si mahali pa mtoto."

Miaka kumi na moja! Hata barua hakuna. Nikatoka, nikarudi Kisesa kwa mama yangu, nikaanza kukaanga maandazi kwa hasira. Wateja wanasema yanaumuka vizuri. Nadhani ni ile hasira.

Wiki mbili baadaye simu ikaita. Nikaona jina: Elias Mashine, ndivyo nilivyomwandika siku ile aliponiomba namba. Niliitazama inavyoita mpaka ikanyamaza. Siku tatu baadaye ikaita tena. Nikaigeuza uso chini, nikaendelea kukanda unga. Nikajiambia, si mna mashine, iulizeni mashine.

Siku ya kuzindua ule ukumbi sikualikwa. Nilikuwa natoa maandazi kwenye mafuta Bwana Deus aliponipigia. Hakusalimia.

"Uko wapi? Treni imeanguka mbele ya wageni! Mabehewa sita yako chali, na kila moja lina jina lako chini. Meneja wa hoteli kalishika moja anauliza Kabula ni nani. Njoo ueleze mwenyewe kazi uliyofanya."

"Kazi niliyofanya? Si mlisema mmesonga mbele?"

"Jina ni lako au si lako?"

Akakata. Nikabaki na kijiko cha kuopolea mkononi. Mjue kwamba sikuwa na kitu kingine. Cheti changu cha kidato cha nne si cha kumwonyesha mtu. Nilichokuwa nacho ni lile jina, kwamba ukisema Kabula wa treni za Buzuruga watu wanajua kazi imekamilika. Sasa lilikuwa linasomwa kwa sauti juu ya ajali.

Nikamfunga Minza mgongoni, na wakati nafunga nikampigia Mzee Masanja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona unapumua kama ng'ombe aliyepandishwa kilima?"

"Treni imeanguka hotelini. Jina langu wamelisoma."

"Mabehewa mangapi?"

"Sita. Yote chali."

"Basi umesomwa mara sita. Mimi tangu nianze hakuna aliyenisoma hata mara moja."

"Mzee, sicheki."

"Nami sicheki. Nafasi za reli uliweka?"

"Niliweka. Sawasawa kabisa."

"Ulimwambia nani kwamba umeziweka, na za nini?"

 Hasira ikanipanda, nikamjibu kama simjui: "Na wewe uliniambia nini? Si ulikuwa unanigeuzia mgongo?"

 Nilisikia kuku wake huko Sengerema. Nilidhani amekata.

"Ndiyo," akasema. "Nilikugeuzia. Haya, nenda."

Ukumbi una ukuta mzima wa vioo kuelekea ziwani. Jua la saa nane lilikuwa limelala juu ya meza yote, na kiyoyozi kinapuliza hewa kavu. Wageni wamehamia upande wa chakula, wengine wamebaki na sahani zao wakitazama. Mabehewa matano yalikuwa bado chali kwenye kona ya milima ya mawe, KABULA, KABULA, KABULA, kama makaburi madogo. Meneja, mama mmoja wa makamo, alikuwa na la sita mkononi.

"Wewe ndiye Kabula?"

"Ndiye mimi."

"Kumbe una mtoto mchanga."

"Naye ni Minza," nikasema. 

Nikapitisha kidole juu ya reli. Nilitegemea kidole kishtuke kila urefu wa spoki, ka, ka, ka, ndivyo nilivyoiacha. Hakikushtuka popote. Reli ilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Nafasi zangu zote zilikuwa zimejazwa risasi na kupigwa msasa, kazi safi kabisa, kazi ya mtu mwenye mikono. Na pale konani reli ilikuwa imeinuka na kujipinda.

"Nani kaziba hizi?"

Bwana Deus akamtazama Elias. Elias alikuwa amesimama nyuma ya meza, shati jipya, jasho limeshuka mpaka kifuani.

"Mimi, dada."

"Kwa nini?"

"Mteja alisema treni inapiga kelele, ka-tak, ka-tak. Nikaangalia nikaona viungo vina uwazi. Nilidhani..." Akaigusa reli. "Nilidhani ni makosa. Nilikupigia nikuulize. Mara mbili."

Watu wote waliokuwa na sahani walinigeukia mimi.

Nyie, nilikuwa na maneno. Tangu Kisesa nilikuwa nayapanga. Nilikuwa nimwambie Bwana Deus mbele ya meneja kwamba alimtoa fundi akaweka mashine, na haya ndiyo matunda. Na yote yangekuwa kweli! Mngenipigia makofi. Lakini kijana alikuwa amenipigia mara mbili, na mimi nilikuwa nimeigeuza simu uso chini. Angeweza kusema hakuwahi kujua. Alisema ukweli kwa sauti ndogo, jasho linamtoka.

"Ni kweli alinipigia," nikamwambia meneja. "Sikupokea. Ule uwazi niliuacha mimi kwa makusudi, ili reli ipate pa kurefukia jua likiwaka. Sikumwambia mtu. Yeye ameuziba kwa kutojua, na kwenye kutojua kwake mimi nimechangia. Nipeni saa mbili na msumeno wa chuma, ule wembe wake mtupu."

"Saa mbili tu?" meneja akauliza.

"Tukiwa wawili."

Nikatoa kadi ya kliniki ya Minza kwenye pochi. Nikamwonyesha Elias. Unakata katikati ya risasi, taratibu, usiguse taruma, zile mbao zinazobeba reli. Unapitisha kadi. Ikikwama, endelea. Ikipita inacheza, umezidisha. Ipite kama barua inavyopita chini ya mlango. Alikata ya kwanza, akapitisha kadi, ikakwama. Akakata tena. Ikapita. Alinitazama kama mtu aliyenusa kikopo.

"Kumbe ni hivi tu?"

"Ni hivi tu. Mimi ilinichukua miaka mitatu."

"Mbona hukutuambia?"

"Kata, kijana. Jua linashuka."

Minza aliamka katikati, nikakaa chini ya meza kumnyonyesha, huku namsikia Elias juu akihesabu viungo. Nilitazama vile vijiwaya vyangu vya umeme. Alikuwa amevifunga kwa mpangilio mzuri kuliko wangu, kwa rangi mbili. Hata zile nyumba zake za plastiki, niseme haki, madirisha yake yalikuwa madogo na makali kuliko niliyowahi kuchonga kwa kisu. Kasoro yake ilikuwa kwamba zote zilikuwa mpya. Hakuna hata moja iliyosimuliwa. Nilipotoka chini nikamweleza habari ya ile siki na misumari.

Treni ilizunguka kabla ya saa kumi na moja. Ka-tak, ka-tak, ka-tak. Mzee mmoja mwenye mvi, mgeni wa hoteli, aliacha kahawa yake akaja kusimama karibu. "Hiyo sauti," akasema, "ndiyo treni yenyewe." Meneja hakulalamikia kelele tena.

Bwana Deus alinisindikiza mlangoni. "Kabula, rudi Jumatatu. Ila mtoto utamwacha kwa bibi yake."

"Ulisema karakana si mahali pa mtoto. Ni kweli, kuna risasi, kuna vumbi. Basi jenga ukuta, utoe kachumba kenye dirisha, mtoto akae huko. Plaiwudi unayo."

"Nitalifikiria."

Bado analifikiria. Ndiyo maana nawaambia nimestaafu, na ndiyo maana sijapoa. Nyie wasichana mkiingia kwenye kazi yoyote, ulizeni habari za hako kachumba siku ya kwanza, kabla hamjakahitaji.

Kabla sijaondoka pale ukumbini nilichukua penseli nikaandika pembeni mwa meza, karibu na ile kona, mahali panapoonekana na kila mtu bila treni kuanguka: Viungo hivi vimeachwa wazi kwa makusudi, usizibe. Nikaandika Kabula. Nikampa Elias penseli naye akaandika lake. Wiki iliyofuata nesi wa Kisesa aliishika kadi ya Minza, akauliza kingo zake zimefanywa nini mbona nyeusi. Nikamwambia imepita relini. Hakuelewa, akampima mtoto.

Mvua za vuli zimeanza majuzi. Nilikuwa namwogesha Minza uani chini ya ukingo wa bati, povu mpaka viwikoni, simu ikaita juu ya ndoo. Elias Mashine. Hasira ilikuja kwanza, kama kawaida yake. Nikafuta mkono mmoja kwenye kanga, nikapokea.

"Dada Kabula, samahani. Hotelini wamezima kiyoyozi, wamefungua madirisha. Ule uwazi umeongezeka, sasa kadi inapita inacheza. Nizibe kidogo?"

"Usizibe. Mbao imekunywa unyevu, imetanuka. Wacha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jua lirudi. Utajifunga wenyewe mpaka unene wa kadi. Una kalamu hapo? Andika, maana nakuambia na yanayofuata."

Minza alikuwa anapiga maji kwa viganja, yananirukia usoni. Nikaishika simu kwa bega, nikaanza kumwambia yote.